Nambari ya Programu Si Mwendo wa Mota

Anayeanza kuendesha mota ya umeme wa betri kwa mikrokontrola hufundishwa mapema kwamba akiandika 0 kwenye programu mota itasimama, akiandika 255 itazunguka kwa uwezo wake wote, na akiandika 128 itakwenda nusu ya mwendo. Mawili ya kwanza ni kweli. La tatu hukaribia ukweli pale tu mota inapozunguka bila kazi juu ya meza. Ikishafungwa mkanda na kupewa mzigo, nusu hiyo inageuka theluthi, na kesho yake, betri ikiwa imejaa zaidi, inageuka kitu kingine tena. Ushauri wangu kwa anayejenga mashine ndogo ni kwamba atambue tangu mwanzo kuwa nambari ile inaagiza volti, haiagizi mwendo. Mashine inayodai mwendo maalumu lazima ipewe njia ya kuupima, na hata vifaa vingine, kuanzia transista hadi dayodi, vichaguliwe kwa kuikumbuka tofauti hiyo.

Tuchukue mashine ya kukamulia asali, kwa kuwa ni kazi halisi huku kwetu na haisamehe makosa ya mwendo. Wafugaji nyuki wenye mizinga ya fremu, wawe Tabora au Kitui, hukata nta inayofunika masega, hupanga fremu ndani ya pipa, kisha huzizungusha hadi asali iruke na kunata ukutani, huku sega likibaki zima ili nyuki walitumie tena. Mashine nyingi ndogo huzungushwa kwa mkono, na mizunguko kama 300 kwa dakika huwa inatosha. Nguvu inayoivuta asali nje hukua kwa mraba wa mwendo. Fremu zikiwa sentimita 25 kutoka katikati na zikizunguka mara 300 kwa dakika, kila sega huvutwa kwa nguvu inayokaribia mara 25 ya uzito wake: sega la kilo 2 linauegemea wavu kama mzigo wa kilo 50. Kwa mizunguko 150 nguvu hiyo ni robo tu. Ndiyo maana mkamuaji mzoefu huanza polepole, asali kiasi ikitoka huzigeuza fremu upande wa pili, na huongeza mwendo baadaye. Sega changa lililojaa pande zote mbili likipewa mizunguko 300 tangu mwanzo hupasuka, na mwendo ukizidi kwa asilimia 20 tu, nguvu inazidi kwa asilimia 44.

Mkono unaozungusha mpini una jambo ambalo mota haina: unahisi. Pipa likiwa zito unaongeza nguvu, likianza kukimbia unalegeza, na likitetemeka kwa sababu fremu za upande mmoja ni nzito kuliko za upande mwingine unapunguza bila kuambiwa. Tukiuondoa mkono na kuweka mota, tumeondoa nguvu na hisia kwa pamoja. Programu yenye 128 hurudisha nguvu peke yake.

Hata hivyo PWM, yaani kurekebisha upana wa pulsi, ipewe haki yake kwanza, maana iliyokuwapo kabla yake ilikuwa mbaya zaidi. Njia ya kale ya kupunguza mwendo ni kuweka rezista kati ya betri na mota. Mota ya volti 12 inayokula ampea 2 ikitakiwa kupewa volti 6, rezista hubeba volti 6 zilizobaki na ampea 2 zilezile, yaani wati 12 zinazogeuka joto, sawa kabisa na zile zinazoifikia mota. Transista iliyowashwa nusu hufanya vivyo hivyo. PWM inakwepa hasara hiyo kwa kuiwasha transista kabisa au kuizima kabisa, mamia au maelfu ya mara kwa sekunde. Ikiwa imewaka, transista nzuri ya aina ya mosfeti ina ukinzani wa omu 0.025 hivi, na ampea 2 zinapoteza humo wati 0.1; ikiwa imezima, hakuna mkondo unaopita. Mota, kwa uzito wa rota yake na kwa tabia ya koili kukataa mkondo ubadilike ghafla, haiitikii pulsi mojamoja bali wastani wake. Pulsi ikiwaka nusu ya muda kwenye betri ya volti 12, mota inapata wastani wa volti 6. Betri nayo hutoa mkondo nusu ya muda tu, kwa hiyo mota inaweza kubeba ampea 2 huku betri ikitoa wastani wa ampea 1. Kwa mashine inayotegemea paneli ya sola, faida hiyo si ndogo.

Lakini kutoka volti hadi mwendo kuna hatua moja zaidi, na hapo ndipo wengi wanapopotea. Mota inayozunguka huzalisha volti zake yenyewe zinazopingana na za betri, jambo linalofuata kanuni aliyoieleza Heinrich Lenz mwaka 1834. Volti hizo kinzani hulingana na mwendo, na mkondo hulingana na mzigo. Pengo kati ya volti ulizotoa na volti kinzani ndilo linalomezwa na ukinzani wa waya za mota. Tuseme mota yetu ina ukinzani wa omu 0.5 na huzunguka mara 250 kwa dakika kwa kila volti kinzani moja. Ikipewa volti 12 zote na mzigo mwepesi wa ampea 1, nusu volti inapotea, 11.5 zinabaki, na mwendo ni mizunguko 2,875. Mzigo ukipanda hadi ampea 5, volti 2.5 zinapotea na mwendo unashuka hadi 2,375. Ni upungufu wa asilimia 17, unaovumilika katika kazi nyingi. Sasa tupunguze pulsi iwake nusu ya muda. Kwa ampea 1 mwendo ni 1,375. Kwa ampea 5 ni 875, upungufu wa asilimia 36. Tupunguze tena hadi robo: kwa ampea 1 mota inazunguka mara 625, na kwa ampea 5 inajikokota kwa mizunguko 125, ikiwa imepoteza asilimia 80. Volti zinazopotea ni zilezile 2.5 kila mara, lakini zinakatwa kwenye fungu linalozidi kupungua. Kwa hiyo PWM peke yake hudhoofika palepale tunapoihitaji zaidi, yaani mwanzoni, mwendo ukiwa mdogo na masega yakiwa mazito.

Kama mikanda inapunguza mwendo mara 8 kutoka mota hadi pipa, nusu ya pulsi huwa mizunguko 172 ya pipa kwa mzigo mwepesi na 109 kwa mzigo mzito. Nguvu juu ya sega inatofautiana mara mbili na nusu bila mtu kugusa nambari yoyote. Betri nayo ina yake. Betri ya risasi ya volti 12 inayokaribia kwisha hukaa karibu na volti 11.8, na ileile ikiwa inachajiwa na paneli saa sita mchana hufika 14.4. Tofauti hiyo ni asilimia 22, na mwendo huifuata kwa karibu. Ukiichukulia kwa mraba, sega linavutwa kwa nguvu iliyozidi karibu nusu. Halafu kuna joto: ukinzani wa shaba huongezeka karibu asilimia 0.4 kwa kila nyuzi moja, kwa hiyo mota iliyopanda nyuzi 50 imeongeza moja ya tano ya ukinzani wake. Fundi anayeandika kwenye daftari kwamba 90 ni ya kuanzia na 200 ni ya kumalizia ameandika hesabu ya siku moja, ya betri moja, kwa mota iliyokuwa baridi.

Zipo hoja za kupinga, na ya kwanza ina uzito. Fundi mmoja atasema: nunua mota kubwa, mambo yaishe. Kweli, mota yenye ukinzani wa omu 0.1 hupoteza nusu volti tu kwa ampea 5, na kwa nusu ya pulsi mwendo wake ungeshuka kwa asilimia 7 badala ya 36. Mota iliyo na nguvu kupita kazi yake hutulia vizuri. Hata hivyo ukubwa wake hausaidii lolote betri inapopanda kutoka 11.8 hadi 14.4, na mota hiyo ikiwa imesimama, kabla volti kinzani hazijazaliwa, ina uwezo wa kuvuta ampea 120 kutoka betri ya volti 12. Waya, fyuzi na transista vyote vitadai kukua pamoja nayo. Mwingine atasema kwamba feni na pampu zake zinaendeshwa kwa kitufe cha PWM bila sensa yoyote na hazina tatizo. Hilo nalikubali bila masharti. Mzigo wa feni hupanda haraka kadiri mwendo unavyopanda, kwa hiyo hujituliza wenyewe, na feni ikipungua kwa asilimia 10 hakuna anayeumia. Kwa kazi za namna hiyo kuongeza sensa ni kupoteza fedha. Shauri langu ni kwa mashine ambazo mwendo ndio kazi yenyewe: kukamua asali, kusokota kamba, kuzungusha gurudumu la mfinyanzi, kusukuma mkanda unaopima vitu.

Baada ya hapo ndipo tunaweza kuzungumzia masafa ya pulsi kwa akili, maana hapa pia wastani wa volti si imara kama unavyodhaniwa. Ubao wa Arduino Uno, kwa kawaida yake, hutoa pulsi 490 kwa sekunde kwenye pini nyingi na 980 kwenye pini 5 na 6. Mota yetu ikiwa na induktansi ya milihenri 0.5, mkondo wake kwa pulsi 490 hupanda na kushuka kwa zaidi ya ampea 10 katika kila pulsi. Joto la waya hufuata mraba wa mkondo, kwa hiyo mawimbi hayo huichemsha mota bila kuongeza nguvu ya kuzungusha. Baya zaidi, mzigo ukiwa mwepesi mkondo hufika sifuri kabla ya pulsi inayofuata, na katika pengo hilo ncha za mota huonyesha volti kinzani badala ya sifuri. Wastani unakuwa mkubwa kuliko hesabu ya programu, na mota inakimbia kuliko ilivyotarajiwa. Ukipandisha masafa hadi kilohezi 20, mawimbi ya mkondo hushuka hadi karibu ampea 0.3, wastani unakaa mahali pake, na mlio mkali wa mota unapanda hadi ukingoni mwa usikivu wa sikio la binadamu. Kwenye mikrokontrola ya ubao huo, ATmega328P, inayotumia mapigo milioni 16 kwa sekunde, kipima muda namba 1 kikiwekwa kuhesabu kwenda 400 na kurudi hutoa kilohezi 20 kamili kupitia pini 9 na 10, na unapata ngazi 400 za kurekebisha badala ya 255. Kipima muda namba 0 kiachwe kama kilivyo, kwa sababu ndicho kinachohesabu muda wa programu nzima.

Asije mtu akahitimisha kwamba masafa makubwa ni bora daima. Mosfeti haiwaki papo hapo. Geti lake, yaani ncha inayoiamuru kuwaka, lazima lijazwe chaji. Likijazwa na pini ya mikrokontrola kupitia rezista ya omu 220, kuwaka huchukua mikrosekunde kama 3 na kuzima vivyo hivyo, na katika muda huo mosfeti huwa imewaka nusu, ikichemka kama ile transista ya kale. Kwa volti 12 na ampea 5, hasara hiyo ni chini ya wati 0.1 kwa pulsi 490, lakini ni wati 3.6 kwa kilohezi 20, kiasi ambacho mosfeti isiyo na bati la kupoza haitakivumilia muda mrefu. Anayetaka kilohezi 20 aweke saketi ndogo ya kusukuma geti, mfano TC4427, ambayo humaliza kazi hiyo kwa sehemu ndogo ya mikrosekunde. Asiye nayo akae karibu na kilohezi 4. Kipima muda kilekile kikigawanywa kwa 8 na kuhesabu hadi 255 na kurudi hutoa pulsi 3,921 kwa sekunde. Mawimbi ya mkondo ni ampea 1.5 hivi na hasara ya mosfeti ni wati 0.7. Mota italia, lakini chumba cha kukamulia asali si maktaba.

Kuhusu mosfeti yenyewe, fundi awe macho dukani, iwe Kariakoo au Luthuli Avenue. IRFZ44N na IRLZ44N zinafanana kwa umbo na kwa jina, na muuzaji anaweza kukupa moja kwa nia njema akidhani ni nyingine. Ile ya kwanza imeahidiwa ukinzani mdogo ikipewa volti 10 kwenye geti. Pini ya volti 5 huiwasha nusunusu na itaungua ikiwa na mzigo. Ile ya pili imetengenezwa kwa volti 5. Kwa mikrokontrola za volti 3.3, kama ESP32, hata IRLZ44N haina ahadi ya kutosha, na saketi ya kusukuma geti si anasa tena. Vibao vyenye L298N vinavyouzwa kwa wanafunzi vina transista za aina ya zamani, na kwa ampea 2 volti zinazopotea ndani yake zinaweza kufika 4.9. Ukizitoa hizo kwenye betri ya volti 12, kisha ukaongeza upotevu wa mota yenyewe, mwendo wako umekwisha kuliwa kabla haujaanza. Kwa mashine inayozunguka upande mmoja, mosfeti moja na dayodi moja zinashinda kibao hicho.

Dayodi hiyo nayo hudharauliwa. Mosfeti inapozima, ampea 5 zilizokuwa zikipita kwenye koili haziwezi kutoweka. Zitatafuta njia, na bila dayodi volti zitapanda hadi zipite uwezo wa mosfeti, ambao kwa IRLZ44N ni volti 55. Dayodi ikiwekwa sambamba na mota, kinyume na betri, mkondo huzunguka humo hadi pulsi inayofuata. Maana yake ni kwamba kwa nusu ya pulsi dayodi hubeba mkondo wa mota nusu ya muda. Ile 1N4007 inayopatikana kila duka ni ya ampea 1 na ni nzito kuzima, haifai hapa. Tafuta ya aina ya Schottky yenye uwezo wa mkondo wote wa mota, kama SB560 kwa ampea 5. Weka kapasita ya mikrofaradi 1,000 au zaidi karibu na mosfeti, maana pulsi zinavuta mkondo kwa vishindo na waya mrefu wa betri hauwezi kuutoa ghafla. Hasi ya betri na hasi ya mikrokontrola ziungane sehemu moja, karibu na mosfeti. Na kati ya geti na hasi weka rezista ya omu 10,000: mikrokontrola ikiwa inaanza kuamka pini zake hazijaamriwa lolote, geti linaelea, na pipa linaweza kuzunguka ilhali mtu ana mikono ndani akipanga fremu.

Tunafika kwenye kupima. Sensa ya sumaku ya A3144 na sumaku nne ndogo zilizobandikwa kwenye ekseli zinatosha. Ziwekwe kwenye ekseli ya pipa, si ya mota, kwa sababu mkanda ukiteleza mota itaonekana inakwenda sawasawa huku pipa likisuasua. Sensa hii huitikia ncha ya kusini ya sumaku tu, kwa hiyo zijaribiwe moja moja kabla ya kubandikwa, na inahitaji rezista ya omu 10,000 kwenda chanya ili mawimbi yake yaonekane. Pipa likizunguka mara 300 kwa dakika, sumaku nne hutoa pulsi 20 kwa sekunde. Kuzihesabu kwa sekunde nzima hakufai: ukikosea moja umekosea mizunguko 15 kwa dakika. Pima badala yake muda uliopita kati ya pulsi, kwa mikrosekunde, na ulinganishe sumaku na yenyewe, yaani pulsi ya sasa na ile ya nne kabla yake, ili kutokulingana kwa nafasi za sumaku kusiingie kwenye hesabu. Waya wa sensa usokotwe na upitishwe mbali na waya za mota, na programu ipuuze pulsi inayofika ndani ya milisekunde 20 baada ya nyingine, kwa kuwa mwendo kama huo ungekuwa mizunguko 750 kwa dakika, jambo ambalo pipa hili haliwezi kulifanya.

Programu yenyewe ni fupi kuliko watu wanavyohofia. Kila milisekunde 100 toa mwendo uliopimwa kwenye mwendo unaotakiwa. Hiyo ndiyo tofauti. Sehemu ya kwanza ya jibu ni tofauti hiyo ikizidishwa kwa nambari moja, na sehemu ya pili ni jumla ya tofauti zote zilizopita ikizidishwa kwa nambari nyingine ndogo zaidi. Sehemu ya kwanza huitikia haraka lakini daima huacha pengo dogo. Ya pili hulifuta pengo hilo polepole, ndiyo inayolipa kwa betri iliyoshuka na mota iliyopata joto. Ukitafuta nambari hizo, iache ya pili kwenye sifuri, ipandishe ya kwanza mpaka pipa lianze kupanda na kushuka lenyewe, kisha ikate nusu. Ndipo uiongeze ya pili kidogo kidogo. Fanya hivyo pipa likiwa na mzigo, kwa sababu pipa tupu ni jepesi na litakudanganya. Jumla ile iwekewe mpaka, na isiongezwe kabisa wakati pulsi imekwisha kufika kikomo, la sivyo itarundikana wakati pipa linapanda polepole, kisha itasukuma mwendo kupita lengo kwa sekunde nyingi. Lengo lenyewe lisirukie 300. Lipande kwa mizunguko 10 kwa kila sekunde, litue kwenye 150 hadi fremu zigeuzwe, na baadaye liendelee.

Anayeupima mwendo anapata pia kujua mkondo, bila kununua sensa ya pili. Volti kinzani zinatokana na mwendo: pipa kwenye 150 maana yake mota iko kwenye 1,200, na volti kinzani ni 4.8. Kama hutaki mkondo upite ampea 10, usiruhusu wastani wa volti upite zile kinzani kwa zaidi ya 5, yaani ampea 10 mara omu 0.5. Mota ikiwa imesimama, kikomo hicho ni volti 5, ambazo ni nambari 106 kati ya 255 kwa betri ya volti 12. Mstari mmoja wa programu unazuia ampea 24 ambazo mota ingevuta ikikwama, na kikomo hupanda chenyewe kadiri pipa linavyoshika mwendo.

Pingamizi zito kuliko yote linahusu sensa yenyewe. Waya wake ukikatika au sumaku zote zikidondoka, programu itaona mwendo wa sifuri na itasukuma pulsi hadi kikomo chake kwa bidii, wakati PWM ya kawaida ingebaki palepale ilipowekwa. Hoja hii ni sahihi, na mtu asiyeijibu ndani ya programu yake heri abaki na kitufe. Jibu lenyewe si gumu: kama pulsi inasukuma mota na sensa haijatoa ishara kwa sekunde 2, zima mota na usiiwashe tena mpaka mtu abonyeze kitufe. Kanuni hiyohiyo hulinda pale pipa linapokwama kweli. Wengine hupendekeza kuachana na sensa na kusoma volti kinzani katika mapengo ambapo mosfeti imezima. Njia hiyo inafanya kazi, lakini inadai kusubiri mkondo ufe kabla ya kusoma, jambo linalogombana na masafa makubwa tuliyoyachagua, na haioni mkanda unaoteleza. Kwa gari dogo la kuchezea ni njia nzuri. Kwa pipa la asali sensa ya sumaku ni bora.

Kabla ya kutia fremu, bandika kipande cha tepu kwenye ekseli na uhesabu mizunguko kwa saa ya mkononi wakati lengo ni 60, mwendo ambao jicho linaweza kuufuata. Hesabu ikizidi ilivyotakiwa, sumaku mojawapo imegeuzwa, na ikiwa nusu yake, programu inahesabu kingo zote mbili za pulsi. Kisha weka fremu zenye uzito unaolingana zikitazamana, anza na 100, na usikilize kama nguzo za pipa zinatetemeka. Swichi ya mfuniko ikate umeme wa mota moja kwa moja, isiishie kuiarifu programu, na fyuzi ikae karibu na betri kuliko kifaa kingine chochote.